Galoni, painti, debe na pishi kwa lita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukibadilisha vipimo vya ujazo ukakosea, mara nyingi hukukosea kuzidisha. Kikokotoo cha simu kinazidisha sawasawa. Kosa liko kwenye kile ulichokiingiza: galoni ya nani, debe la lita ngapi, aunsi ya uzito au aunsi ya ujazo. Ndiyo maana majibu haya yanaanza na jina la kipimo, kisha yanaingia kwenye hesabu.

## Mambo ya msingi

1. Galoni moja ni lita ngapi?

Uliza kwanza ni galoni ya nani. Galoni ya Kimarekani ni lita 3.785411784 kamili, kwa kuwa imewekwa kuwa inchi za ujazo 231. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.54609 kamili. Kwa kazi za kila siku tumia 3.785 na 4.546.

Ya Kiingereza ni kubwa kuliko ya Kimarekani kwa karibu asilimia 20. Hiyo si tofauti ya kuipuuza. Katika tangi la galoni 500 ni pengo la lita 380, yaani madumu 19 ya maji.

Halafu kuna "galoni" ya tatu ambayo si kipimo, ni jina la chombo. Hiyo iko kwenye swali la 9.

2. Kwa nini ziko mbili?

Zamani Uingereza ilikuwa na galoni ya divai, ya bia na ya nafaka, na hazikulingana. Galoni ya divai, ile ya inchi 231, iliwekwa kisheria mwaka 1707 enzi za Malkia Anne. Makoloni ya Amerika yaliitumia hiyo, na Marekani ilipojitenga ikaendelea nayo. Mwaka 1824 Uingereza ikafuta galoni zake za zamani na kuweka moja mpya, iliyofafanuliwa kuwa nafasi ya ratili 10 za maji. Marekani haikufuata.

Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilipata galoni kutoka kwa Waingereza. Kwa hiyo ukikuta galoni kwenye ramani ya tangi, kumbukumbu za shamba au mashine ya enzi hizo, anza kwa kudhani ni ya Kiingereza, kisha uhakikishe.

3. Nitajuaje lebo inasema galoni ipi?

Tafuta lita zilizoandikwa kando yake. Chombo chenye "1 gal" na "3.78 L" kimejieleza. Kama hakuna lita, tazama aunsi: galoni ya Kimarekani ina aunsi za ujazo 128, ya Kiingereza ina 160. Painti nazo zinasema ukweli: ya Kimarekani ina aunsi 16, ya Kiingereza ina 20. Kama hakuna chochote kati ya hivyo, nchi ilikotengenezwa ndiyo dalili iliyobaki.

Walio Ghuba wawe waangalifu zaidi. Umoja wa Falme za Kiarabu uliuza petroli kwa galoni ya Kiingereza hadi mwaka 2010 ulipohamia lita, na galoni hiyo imetumika sana huko kwenye hesabu za maji. Mtu anayeona dola na magari ya Kimarekani pande zote hudhani galoni pia ni ya Kimarekani.

4. Namba zipi nizishike?

Hizi zinatosha kwa karibu kazi zote:

- Galoni: ya Kimarekani lita 3.785, ya Kiingereza lita 4.546
- Painti: ya Kimarekani mililita 473, ya Kiingereza mililita 568
- Aunsi ya ujazo: ya Kimarekani mililita 29.57, ya Kiingereza mililita 28.41
- Inchi ya ujazo: mililita 16.39
- Futi ya ujazo: lita 28.32
- Yadi ya ujazo: lita 764.6
- Pipa la mafuta ghafi: lita 158.987

Kutoka lita kwenda galoni, zidisha kwa 0.264 upate za Kimarekani, au kwa 0.22 upate za Kiingereza. Dumu la lita 20 ni galoni 5.28 za Kimarekani au 4.4 za Kiingereza.

5. Nikiwa sina simu, nakadiriaje?

Galoni za Kiingereza: zidisha kwa 4, ongeza nusu ya idadi ya galoni. Galoni 8 ni 32 + 4 = lita 36 (kamili ni 36.4). Za Kimarekani: zidisha kwa 4, kisha punguza lita moja katika kila lita ishirini ulizopata. Galoni 10 ni 40 ukiondoa 2, lita 38 (kamili ni 37.9).

Kuna milinganisho miwili inayofaa kukariri kwa sababu inakaribia kabisa: galoni 11 za Kiingereza ni lita 50, na galoni 5 za Kiingereza ni galoni 6 za Kimarekani.

6. Mililita na sentimita ya ujazo ni kitu kimoja?

Ndiyo. Sindano yenye alama "5 cc" inabeba mililita 5, na injini ya cc 1500 ina lita 1.5. Kati ya 1901 na 1964 lita ilifafanuliwa kwa uzito wa maji, kilo moja, na ikatoka kubwa kuliko desimita ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 ikarudishwa kuwa desimita moja ya ujazo kamili, kwa hiyo mita ya ujazo ni lita 1,000 bila mkia wowote.

7. Futi moja ni mita 0.3048. Kwa nini nikizidisha futi za ujazo kwa 0.3048 napata jibu la ajabu?

Kwa sababu ujazo una pande tatu. Lazima 0.3048 ijizidishe mara tatu: 0.3048 × 0.3048 × 0.3048 = 0.0283. Futi za ujazo 100 ni mita za ujazo 2.83, si 30.5. Ukikosea hapa unakosea kwa zaidi ya mara kumi. Hilo ni jambo la heri, maana jibu lenyewe linakupigia kelele kabla hujaagiza mchanga.

Njia salama ni kubadilisha urefu, upana na kimo kuwa mita kwanza, ndipo uzidishe. Tangi la duara la kipenyo cha mita 1.2 na kimo cha mita 1.5: 0.7854 × 1.2 × 1.2 × 1.5 = mita za ujazo 1.696, yaani lita 1,696.

Uniti moja ya maji kwenye bili zetu ni mita ya ujazo moja, lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Bili nyingi za Marekani huhesabu kwa futi za ujazo 100, alama yake CCF: hiyo ni lita 2,832.

## Vipimo vya sokoni

8. Debe ni lita ngapi? Na debe la mahindi ni kilo ngapi?

Debe la asili ni bati la mraba la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, lita 18.18. Siku hizi sehemu nyingi debe ni ndoo ya plastiki ya lita 20, na jina limebaki lilelile. Tofauti ya karibu lita 2 inajificha ndani ya neno moja.

Kwa kilo, mahindi makavu yaliyosafishwa yana uzito wa karibu kilo 0.72 kwa lita. Debe la mfuto, yaani lililofutwa juu kwa ubao, linatoa hivi:

- Debe la lita 18.18: karibu kilo 13
- Debe la lita 20: karibu kilo 14.4

Masoko mengi huhesabu madebe 6 kwa gunia la kilo 100. Gawa uone: ni kilo 16.7 kwa debe. Mfuto wa lita 20 haufiki huko. Kwa hiyo anayetaja madebe 6 anazungumzia debe lenye kilele, mahindi yamerundikwa hadi yanaporomoka pembeni. Kwa mfuto, gunia la kilo 100 ni karibu madebe 7. Mkulima anayekubali "madebe 6" bila kukubaliana kuhusu kilele anatoa debe zima bure kwa kila gunia. Hapo ndipo lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, inapozaliwa. Dawa yake ni mzani: nchini Tanzania Wakala wa Vipimo wanataka mazao yauzwe kwa uzito kwenye mizani iliyohakikiwa, na muuzaji ana haki ya kudai hivyo.

Mahindi mabichi au yenye makapi yana uzito tofauti kwa ujazo uleule. Maharage makavu ni mazito zaidi, karibu kilo 0.77 kwa lita.

9. Galoni la mafuta, dumu, ndoo, kisado, gorogoro: vina lita ngapi?

Haya ni majina ya vyombo, na chombo hubadilika bila jina kubadilika. Galoni la dukani, lile la plastiki la mafuta ya kupikia, kwa kawaida ni la lita 5, ambazo ni galoni 1.1 za Kiingereza au 1.32 za Kimarekani. Usilitumie kamwe kama galoni kwenye hesabu ya dawa. Dumu au jerikeni la maji ni lita 20, ingawa yapo ya 5, 10 na 25. Ndoo ni 10 au 20.

Kisado ni kopo la rangi la lita 4, maarufu kwa maharage, nyanya na viazi. Gorogoro la Kenya ni bati linalochukuliwa kuwa la kilo 2 za mahindi, na kilo 2 kwa 0.72 ni karibu lita 2.8. Likiwa dogo kuliko hapo hupati kilo 2 ila kwa kilele. Kusini mwa Kivu watu hupimia kwa kopo la maziwa ya unga, nalo lina ukubwa wake. Kabla ya kulinganisha bei za masoko mawili, pima vyombo vyote viwili kwa njia ya swali la 11.

10. Pishi na kibaba ni lita ngapi?

Uwiano ndio ulio imara: pishi moja ni vibaba 4. Ukubwa wa kibaba chenyewe ulitofautiana toka mji hadi mji, na pishi hukadiriwa kuwa karibu nusu galoni ya Kiingereza, lita 2.27, au zaidi kidogo. Mtu akikupa namba moja yenye desimali tatu kwa pwani nzima, ameongeza uhakika ambao pishi halikuwahi kuwa nao.

Wengi huuliza kwa ajili ya zakatul-fitri. Kipimo cha asili ni saa'i, sawa na mudi 4, na ni kipimo cha ujazo. Ndiyo maana uzito wake haufanani kwa mchele, ngano na tende. Kilo zinazotajwa mara nyingi kwa mtu mmoja ni 2.5 hadi 3. Fuata kiwango kinachotangazwa na masheikh wa mahali pako.

11. Nitapimaje ujazo halisi wa chombo changu?

Kwa maji na mzani. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Joto la kawaida hulipunguza kwa chini ya nusu ya asilimia.

Pima chombo kikiwa kitupu na kikavu. Kiweke mahali pasawa, kijaze maji hadi mstari unaotaka kuujua au hadi ukingoni, futa maji ya nje kwa kitambaa, pima tena. Toa uzito wa kwanza kwenye wa pili. Kisado kitupu kikiwa gramu 180 na kikijaa kilo 4.43, ujazo wake ni lita 4.25. Usishangae kuzidi 4: kiwanda huacha nafasi juu ya rangi, na lebo inataja kilichomo, si kinachoweza kuingia.

Huna mzani? Tumia chupa ya maji ya dukani ya lita 1 au 1.5 ambayo haijafunguliwa. Weka alama ya kalamu pale maji yalipofika, kisha itumie kujazia. Usijaze hadi mdomoni, utazidisha.

12. Chombo kinafanana na vingine lakini kinatoa pungufu. Kwa nini?

Kigeuze utazame chini. Bati la debe lina kitako cha karibu sentimita 23 kwa 23. Kikigongwa kikaingia ndani, kila sentimita moja ya kina inakula hadi zaidi ya nusu lita, na sentimita mbili hadi lita nzima. Ukiliangalia kwa juu huoni kitu. Pitisha mkono ndani hadi chini: kitako kizima ni bapa, kilichogongwa kina kilima katikati.

Mbinu nyingine ni chombo kilichokatwa ukingo, mbavu zilizobonyezwa, au kuweka kopo moja ndani ya jingine. Na hata chombo kizima hutoa tofauti kwa namna ya kujaza: mahindi yakitiwa polepole yanakaa yakiwa yamelegea, chombo kikitikiswa yanashuka na nafasi inabaki juu. Mnunuzi hutikisa, muuzaji hatikisi. Kubalianeni kabla.

## Jikoni, maziwa ya mtoto na dawa

13. Mapishi yanasema "kikombe 1". Kikombe gani?

Mapishi ya Marekani: mililita 237, na kwenye lebo za lishe huko 240. Mapishi ya Australia: 250. Vikombe vya chai vya nyumbani vinaweza kuwa 200 au 300, basi usivitumie kabla hujavipima.

Ukitumia kikombe kimoja kwa viungo vyote, uwiano unabaki sawa na keki itatoka. Tatizo huja pale mayai yanapoingia, maana yai halikui pamoja na kikombe. Kwa unga ni bora upime uzito: kikombe cha Kimarekani cha unga wa ngano ni gramu 120 hadi 125 ukitiwa kwa kijiko na kufutwa juu. Ukichota kikombe moja kwa moja kwenye mfuko unabana unga, unaingia zaidi, na andazi linakuwa gumu. Sukari ni gramu 200, siagi gramu 227.

14. Kijiko cha chai na kijiko cha mezani ni mililita ngapi?

Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5. Cha mezani ni 15, isipokuwa Australia ambako ni 20. Kijiko cha kulia chakula si kipimo.

15. Chupa ya mtoto ina alama za "oz". Nazisomaje?

Ni aunsi za ujazo; hesabu mililita 30 kwa kila moja. Chupa ya 8 ni mililita 240.

Hatari haiko kwenye aunsi, iko kwenye kijiko kilichomo ndani ya kopo la maziwa. Maziwa mengi ya Uingereza hutumia kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, na mengi ya Marekani kijiko kimoja kwa aunsi 2, yaani mililita 60. Ndugu akikutumia kopo kutoka ng'ambo, soma maelekezo ya kopo hilo na utumie kijiko kilichokuja nalo. Maziwa mazito kupita kiasi humkausha mtoto maji mwilini, mepesi mno hayamlishi. Tia maji kwanza, kisha unga.

16. Naweza kumpa mtoto dawa kwa kijiko cha nyumbani?

Usifanye hivyo. Vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana. Tumia sindano isiyo na ncha au kikombe kidogo kilichokuja na dawa, kiinue hadi usawa wa jicho, na usome pale dawa ilipo chini kabisa katikati. Pembeni hupanda kidogo kwenye ukuta wa chombo.

Pakiti ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji inataja maji yake, lita 1 au nusu lita. Soma pakiti kila mara. Kuiweka ya lita moja kwenye nusu lita kunafanya mchanganyiko uwe mkali maradufu.

Insulini ni jambo jingine. "Uniti" zake si mililita. Insulini ya U-100 ina uniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo uniti 10 ni mililita 0.1. Tumia sindano iliyotengenezwa kwa nguvu hiyohiyo, usibadilishe kwa kichwa.

## Shamba, ujenzi na mvua

17. Lebo ya dawa ya mimea inasema "2 fl oz per gallon". Nitie kiasi gani kwenye pampu ya lita 16?

Hapa hakuna haja ya kujua lita za galoni, ni uwiano tu. Aunsi moja kwa galoni ya Kimarekani ni sehemu 1 kati ya 128, sawa na mililita 7.8 kwa lita. Kwa galoni ya Kiingereza ni 1 kati ya 160, mililita 6.25 kwa lita.

Lebo ya Marekani: 2 × 7.8125 × 16 = mililita 250. Ukidhani ni ya Kiingereza utatia 200, dawa imepungua kwa asilimia 20, wadudu wenye ustahimilivu wanabaki na kuzaana, nawe unasema dawa ni feki.

Pima kwa kikombe chenye alama. Mfuniko wa chupa si kipimo hadi uupime kwa sindano, na kila chupa ina mfuniko wake. Tia nusu ya maji kwenye pampu, kisha dawa, tikisa, malizia maji.

18. Lebo inasema painti kwa ekari. Kwa hekta ni lita ngapi?

Ekari ni hekta 0.4047. Painti 1 ya Kimarekani kwa ekari ni lita 1.17 kwa hekta, ya Kiingereza ni lita 1.40. Galoni 1 kwa ekari ni lita 9.35 au 11.23 kwa hekta, kwa mpangilio huohuo.

Kama shamba lako limepimwa kwa ekari, usipite kwenye hekta kabisa. Mililita 473 au 568 kwa ekari, gawa kwa idadi ya pampu unazomaliza kwenye ekari moja. Ili uijue idadi hiyo, pulizia maji matupu kwenye robo ekari kwa mwendo wako wa kawaida.

19. Fundi anataka uwiano wa 1:2:4 na kitabu kinataja futi za ujazo.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchukuliwa kuwa futi za ujazo 1.25, karibu lita 35. Tengeneza sanduku la mbao la sentimita 40 × 35 × 25 kwa ndani: hiyo ni lita 35 kamili. Mfuko mmoja, masanduku 2 ya mchanga, 4 ya kokoto. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 3 na nusu za mchanga na 7 za kokoto. Karai na koleo havifai kupimia: hujazwa kwa kilele asubuhi na kwa mfuto jioni mikono ikishachoka.

Mchanga wenye unyevu huvimba, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, kwa hiyo sanduku lilelile linabeba mchanga pungufu kuliko ukiwa mkavu. Ongeza kidogo.

20. Mvua ya inchi 1 ni maji kiasi gani?

Milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba ni lita moja. Inchi ni milimita 25.4, basi ni lita 25.4 kwa mita ya mraba, karibu lita 102,800 kwa ekari. Paa la nyumba ya mita 10 kwa 6 linapokea lita 1,524. Hesabu asilimia 80 kufika tangini, karibu 1,200. Pima eneo ambalo paa linafunika chini, usipime bati kwa mteremko wake.

## Mafuta, nafaka ya kimataifa na kesi za pembeni

21. Pipa la mafuta ni lita 159, 200 au 208?

Zote, kila moja mahali pake. Pipa la bei za soko la dunia ni galoni 42 za Kimarekani, lita 158.987. Pipa la chuma unaloliona gereji ni la galoni 55 za Kimarekani, lita 208, na kwa kawaida huuzwa likiwa na lita 200 ili kubaki nafasi ya mafuta kutanuka. Ukisikia mafuta ghafi ni dola 80 kwa pipa, gawa kwa 159: senti 50 za dola kwa lita, kabla ya kusafishwa, kusafirishwa na kodi.

22. Gari linasema maili 30 kwa galoni. Ni kilomita ngapi kwa lita?

Za Kimarekani: zidisha kwa 0.425, upate kilomita 12.75. Za Kiingereza: zidisha kwa 0.354, upate 10.6. Uingereza wanauza petroli kwa lita lakini bado wanataja matumizi kwa galoni yao, hivyo gari lilelile litaonekana "zuri" zaidi kwenye gazeti la London kuliko la Chicago. Kwa lita kwa kilomita 100, gawa 235.2 (Kimarekani) au 282.5 (Kiingereza) kwa maili hizo.

23. Nabadilishaje lita kuwa kilo?

Zidisha kwa uzito wa lita moja ya kitu hicho. Maji 1, maziwa 1.03, mafuta ya kula 0.92, dizeli karibu 0.84, mafuta ya taa karibu 0.80, petroli karibu 0.74, asali karibu 1.42. "Lita ni kilo" ni kweli kwa maji tu. Anayeuza asali kwa lita na anayeiuza kwa kilo wana bidhaa mbili kwa hesabu.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani kwa kosa hili. Ilihitaji kilo 22,300. Tangini mlikuwa na lita 7,682. Walizidisha kwa 1.77, ambayo ni uzito wa lita kwa ratili, badala ya karibu 0.80 kwa kilo. Hesabu ikasema ziongezwe lita 4,917. Zilizohitaji kuongezwa hasa zilikuwa karibu 20,100. Injini zote mbili zilizimika na marubani wakaitua ndege kwa kuielea hadi uwanja wa zamani wa Gimli, bila kifo. Kuzidisha kwao kulikuwa sahihi kila hatua. Kilichokosekana ni kuandika "ratili kwa lita" kando ya 1.77. Andika kipimo kando ya kila namba, hata kwenye karatasi ya dukani.

24. Busheli kwenye bei za mahindi za Chicago ni nini?

Kwa asili ni ujazo, lita 35.24, lakini sokoni sasa ni uzito uliowekwa: ratili 56 za mahindi (kilo 25.4), ratili 60 za ngano au soya (kilo 27.2). Tani moja ni busheli 39.37 za mahindi au 36.74 za ngano. Usitumie lita kabisa hapa.

25. Nilipokea lita 1,000 za petroli, jioni kijiti kinaonyesha 990. Zimeibwa?

Huenda zimepoa. Petroli hutanuka na kusinyaa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ikishuka kutoka nyuzi 35 hadi 25, lita 1,000 zinapungua kwa karibu 10. Mikataba mikubwa hutaja lita "katika nyuzi 15" au "nyuzi 20" kwa sababu hiyo. Pima joto wakati wa kupokea na wakati wa kupima tena. Pengo likizidi kile joto linachoeleza, tafuta uvujaji, au anza kuuliza maswali.

26. Lebo imeandikwa "1,500 l". Ni lita 1,500 au moja na nusu?

Kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania, mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Kwenye lebo za Kifaransa, zinazojaa Kongo na Burundi, mkato ndio desimali: "1,500 l" ni lita moja na nusu, na "0,25 l" ni mililita 250. Tazama ukubwa wa chombo mkononi kabla ya kunakili namba. Ukiandikia watu wa pande zote mbili, andika "mililita 250", hakuna mkato wala nukta ya kugombania.